Mkono wa Kushoto wa Mfalme

Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili hatujawahi kupanda farasi, lakini hatuishi kusema fulani ameshika hatamu za nchi. Tanzania ya chama kimoja ilikuwa na kaulimbiu kabisa, chama kushika hatamu, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Basi ukisimama mbele ya picha ya mfalme juu ya farasi, anzia kwenye neno hilohilo. Itafute hatamu, uone imeshikwa kwa mkono upi, na imeshikwaje.

Karibu kila mara utaikuta mkono wa kushoto. Mkono wa kulia una kazi nyingine: upanga, mkuki, au ile fimbo fupi ya ujemadari. Na hatamu yenyewe haikukazwa, imelegea kidogo. Asiyejua farasi atadhani mchoraji kafanya mapambo tu, kumbe ulegevu huo ndio hoja yote ya picha. Farasi wa vita wa Ulaya katika karne ya 16 na 17 alivishwa lijamu, yaani chuma cha kinywani, yenye vyuma viwili virefu vilivyoning'inia chini ya taya, na hatamu ikafungwa kwenye ncha za vyuma hivyo. Kadiri vyuma vinavyorefuka, ndivyo mvuto mdogo wa vidole unavyogeuka kuwa mbano mkubwa mdomoni. Mtu mwenye mkono mzito akipewa lijamu kama hiyo, farasi atapanua kinywa, atarusha kichwa juu, na huenda akatoka damu. Kwa hiyo kinywa kilichotulia chini ya lijamu kali ni cheti: mpandaji amefundishwa, na mnyama pia. Wachoraji hodari huongeza povu jeupe kidogo kwenye midomo, maana farasi anayeitafunatafuna lijamu kwa utulivu hutoa povu, na aliyekakamaa kwa hofu mdomo wake hukauka.

Jambo la pili la kutazama ni miguu ya nyuma. Farasi akiinua miguu ya mbele, kuna mawili: ama amekurupuka, ama ametii. Aliyekurupuka hunyoosha miguu ya nyuma, mwili ukapanda juu kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Aliyetii hufanya kinyume: hukunja viungo vya nyuma, makalio yakashuka, uzito wote ukarudi nyuma, kisha sehemu ya mbele ikainuka taratibu hadi mwili ufanye pembe ya nyuzi 30 hadi 35 na ardhi. Shule za upandaji farasi huliita zoezi hilo levadi. Farasi hulifikia baada ya miaka ya mafunzo, na hata akilijua vizuri hawezi kulishikilia zaidi ya sekunde chache, kwa sababu misuli ya mapaja inabeba kila kitu. Mfalme aliyechorwa juu ya levadi amesimamishwa milele kwenye sekunde hizo chache.

Wafalme walisomeshwa haya kama wanavyosomeshwa Kilatini. Antoine de Pluvinel alimfundisha Louis XIII wa Ufaransa kupanda farasi tangu utotoni, na mafundisho yake yalichapwa mwaka 1623, yeye akiwa ameshafariki. Dhana iliyokuwa nyuma ya masomo hayo ilikuwa nyepesi na ya kujipendelea: farasi ni wananchi, wana nguvu kuliko wewe, nawe unawaongoza bila kuwachapa. Farasi hakuulizwa.

Ukumbi wa Madrid

Mahali palipolifanya wazo hili kuwa mfumo kamili ni ukumbi uliokamilika mwaka 1635 katika kasri la Buen Retiro, Madrid, uliojulikana kwa jina la Salón de Reinos, ukumbi wa falme. Ulijengwa enzi ya Felipe IV, na aliyesukuma kazi alikuwa waziri wake mkuu, Olivares. Juu ya madirisha zilichorwa ngao za falme 24 zilizokuwa chini ya taji la Hispania. Kuta za pembeni zilikuwa na picha 12 za ushindi wa vita, na katikati yake picha 10 za Herakles, shujaa wa hadithi za Kigiriki, zilizochorwa na Zurbarán. Kwenye ncha mbili za ukumbi ndiko walikokaa wapanda farasi watano kutoka karakana ya Diego Velázquez: upande mmoja Felipe III na mkewe Margarita, wazazi wa mfalme, upande wa pili Felipe IV na mkewe Isabel, na katikati yao, juu ya mlango, mtoto wao Baltasar Carlos.

Huo ni mti wa ukoo uliotandikwa. Baba, mwana, mjukuu. Mgeni aliyeingia alikuwa akipita chini ya kwato za mrithi.

Picha ya Felipe IV ina upana wa mita 3 na ushei, na kimo chake ni karibu hivyohivyo. Mfalme anatazama kulia, uso wote ukiwa upande, hatutazami sisi hata kidogo. Amevaa deraya, yaani vazi la chuma la vita, kofia ya manyoya ya ndege, na kitambaa chekundu cha ujemadari begani. Farasi yuko kwenye levadi safi. Ukilinganisha na picha nyingi za aina hii, hapa pamekosekana karibu kila kitu: hakuna malaika wa ushindi, hakuna taji la majani, hakuna adui aliyekanyagwa. Kuna vilima, hewa ya kijivu na buluu, na mtu aliyekaa wima. Wataalamu wa mambo ya farasi huisifu kwa mkao tu: kisigino kimeshuka, mguu umenyooka kama ilivyotakiwa kwenye seruji za vita za wakati ule, kiuno hakikuvunjika. Kwa maoni yangu hii ndiyo picha yenye majivuno makubwa kuliko zote za jinsi yake, kwa kuwa haioni haja ya kumshawishi mtu.

Sogea karibu kwenye miguu ya nyuma ya farasi. Utaona kivuli cha mguu mwingine, kama mzimu. Velázquez alichora mguu mahali pamoja, hakuridhika, akaufunika kwa rangi na kuuchora tena pembeni. Rangi ya mafuta huzidi kupenyeza mwanga kadiri miaka inavyokwenda, na baada ya karne kadhaa kosa lililofunikwa limeanza kujitokeza lenyewe. Miguu ya nyuma ndiyo mahali pagumu kuliko pote kwenye levadi. Ukiisogeza nyuma mno, farasi anaonekana ataanguka kifudifudi. Ukiisogeza mbele mno, anakaa kitako kama mbwa. Mchoraji wa mfalme naye alikuwa akitafuta mizani.

Halafu, chini kushoto, kuna karatasi nyeupe imedondoka ardhini. Ni aina ya karatasi ambayo wachoraji huandikia jina lao. Hii haina neno.

Picha ya mtoto ina siri yake. Baltasar Carlos alizaliwa Oktoba 1629, kwa hiyo hapo ana miaka mitano au sita, naye ameshika fimbo ya ujemadari kama baba yake. Ukiitazama picha hiyo leo ikiwa usawa wa macho, farasi anaonekana kama pipa: tumbo limevimba, miguu mifupi. Watu husema Velázquez aliteleza. Hakuteleza. Picha ilipangiwa kutundikwa juu ya mlango, na mtazamaji kuiangalia kutoka chini, ambako tumbo ndilo linalotangulia machoni. Ichuchumalie kidogo, na pipa linageuka kuwa farasi anayekurukia. Mtoto huyo alifariki mwaka 1646 akiwa na miaka 16, hakuwahi kutawala chochote.

Mwili wa mfalme ni tatizo

Mchoraji wa aina hii alilipwa, zaidi ya yote, kutatua tatizo la mwili. Kaizari Karl V, babu wa babu yake Baltasar Carlos, aliwashinda wakuu wa Kiprotestanti wa Ujerumani huko Mühlberg tarehe 24 Aprili 1547. Mwaka uliofuata mchoraji Tiziano aliitwa Augsburg kumchora. Kaizari alikuwa na jongo, ule ugonjwa wa viungo unaoanzia kidole gumba cha mguu, na miguu ya mtu mwenye jongo haitaki kuingizwa kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia cha mpanda farasi. Safari nyingi alibebwa kwa machela. Tiziano akamweka juu ya farasi mweusi, mkuki mkononi, deraya ikimeremeta, akitoka kwenye miti peke yake jioni. Hakuna vita pichani, wala askari, wala maiti. Deraya ile ipo hadi leo kwenye ghala la silaha la kifalme Madrid, na ukiilinganisha na picha, michirizi ya dhahabu inaoana. Uso peke yake ndio unaosema kweli: ngozi imepauka, macho yamechoka.

Hata picha yenyewe ilipata ajali. Ilipotolewa nje kukauka ilianguka na kuchanika kwenye makalio ya farasi, na Tiziano akamwomba mchoraji wa Augsburg, Christoph Amberger, aitengeneze. Turubai la mita 3.35 kwa 2.83 ni tanga la jahazi, na upepo haujui kama mle ndani kuna kaizari.

Charles I wa Uingereza alikuwa na shida nyingine: kimo. Alikuwa mfupi, kama sentimita 160 hivi. Mchoraji wake, Anthony van Dyck, alitumia mbinu tatu kwa pamoja, na ukishazijua utazikuta kwenye mabango ya wanasiasa wa leo. Kwanza, upeo wa macho ameushusha chini kabisa, hivyo mtazamaji yuko usawa wa magoti ya farasi. Pili, kichwa cha farasi kimepunguzwa, kidogo mno ukikilinganisha na shingo na kifua, ili mtu aliye juu yake asimezwe. Tatu, ukubwa wa turubai wenyewe: picha iliyoko National Gallery, London, ina kimo cha zaidi ya mita 3.6. Ile ya mwaka 1633, ambamo mfalme anapita chini ya tao huku mwalimu wake wa farasi akimwinulia macho, ilitundikwa mwisho wa ukumbi mrefu, ili aliyeingia upande wa pili aone mfalme anamjia.

Na Napoléon? Alivuka milima ya Alps Mei 1800 juu ya nyumbu. Simaanishi nyumbu wa Serengeti. Ni yule baghala, mtoto wa punda na farasi, mnyama mwenye akili ya kutosha kutokanyaga barafu hovyo. Jacques-Louis David akamchora juu ya farasi anayepanda hewani, joho likipepea, na majina ya Hannibal na Karolus Magnus, waliovuka Alps kabla yake, yakiwa yamechongwa kwenye mwamba chini yake. Napoléon alikataa kukaa achorwe. Farasi huyo, tazama miguu, si wa levadi, amekurupuka. Wakati huo mwenyewe hajawa mfalme, na nadhani ndiyo maana picha inapiga kelele. Nakala ya kwanza iliagizwa na mfalme wa Hispania, Carlos IV. Mwaka 1808 Napoléon aliwaondoa ukoo wa Carlos na kumkalisha kaka yake mwenyewe kwenye kiti hicho.

Bronzi haidanganyiki

Kwenye turubai farasi anaweza kusimama kwa mguu mmoja akitaka. Kwenye bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, ana uzito. Mwaka 1634 Olivares aliandika Florence kuomba sanamu ya Felipe IV. Mhunzi-mchongaji Pietro Tacca alianza na farasi anayetembea, mguu mmoja juu, mitatu chini, kama desturi ilivyokuwa tangu Marcus Aurelius wa Roma. Madrid ikajibu kwamba mfalme anataka farasi aliyeinuka. Sanamu kubwa ya bronzi ya namna hiyo ilikuwa haijawahi kusimamishwa na mtu.

Piga hesabu. Bronzi yenye unene wa sentimita 1, eneo la mita moja ya mraba, ina kilo 88 hivi. Kifua, shingo, kichwa na miguu miwili ya mbele ya farasi mkubwa kuliko wa kweli ni mita nyingi za mraba, na zote zinaning'inia mbele ya kwato za nyuma. Ni mwiko uliojaa ugali, umeushika kwa ncha ya mpini. Nguvu yote inakusanyika kwenye viungo vyembamba juu ya kwato, na hapo ndipo panapovunjika.

Jawabu la Tacca lina sehemu tatu. Mbele ya farasi palimiminwa pembamba kadiri ilivyowezekana, na nyuma pakajazwa pazito. Mkia ukateremshwa hadi ukagusa jukwaa la sanamu, ukawa mguu wa tatu ambao macho hayauhesabu. Na ndani ya miguu mna vyuma vinavyoshuka hadi kwenye jiwe. Inasimuliwa kwamba aliyeshauri mgawanyo wa uzito ni Galileo Galilei. Sanamu ilikamilika 1640, Tacca akafariki mwaka huohuo, na mwanawe Ferdinando ndiye aliyekwenda kuisimamisha Madrid. Leo iko Plaza de Oriente, mbele ya kasri la kifalme. Étienne Falconet alipomtengenezea Katerina II wa Urusi sanamu ya Petro Mkuu huko St. Petersburg, iliyozinduliwa 1782, alimweka nyoka chini ya kwato. Wageni huambiwa nyoka ni uhaini. Ni uhaini, sawa, lakini ni nguzo pia: mkia wa farasi umeegemea hapo.

Umiminaji wenyewe ulikuwa hivi. Unafinyanga farasi kwa udongo. Unamzungushia plasta vipande vipande, ukivibandua unapata kalibu. Ndani ya kalibu unapaka nta, unene wake ukiwa ndio unene unaotaka wa bronzi, na humo ndani unajaza kiini cha udongo na vumbi la matofali kilichoshikwa na nondo. Kiini hicho unakipigilia pini za chuma zinazopenya nta, la sivyo nta ikishayeyuka kiini kitahama na ukuta mmoja utakuwa karatasi na mwingine tofali. Unaongeza mirija ya nta: mingine ya kuingiza madini, mingine ya kutoa hewa. Unafunika kila kitu kwa udongo wa moto, unafukia shimoni, unapasha hadi nta yote itoke, kisha unamimina bronzi kwenye joto la nyuzi 1,100 na kitu.

Makosa ni mengi. Unyevu ukibaki kwenye kalibu, maji hugeuka mvuke papo hapo na kalibu hupasuka; mafundi wamekufa hivyo. Madini yakipoa kabla ya kufika kwato za mbele, mito miwili ya bronzi hukutana bila kushikana na kuacha ufa. Mirija ya hewa ikiwa michache, unapata mapovu, na siku nzima za tindo na tupa kuziba matundu. Mwaka 1775 Falconet alimimina, kalibu ikavuja, karakana ikashika moto, na sehemu ya juu ikabidi imiminwe upya miaka miwili baadaye. Matatizo mengine huja pole pole: nondo iliyoachwa mguuni hushika kutu, kutu huvimba, na mguu wa mfalme hupasuka kutoka ndani. Ndiyo maana sanamu nzuri hutobolewa tundu dogo tumboni la kutolea maji.

Ikishasimama, mtu atakuja kukuambia kwamba idadi ya kwato zilizoinuliwa inaonyesha mpandaji alikufa vipi. Mpe chai. Ni hadithi tu. Kwato huinuliwa kwa sababu za mizani na mtindo.

Bronzi ina adui mmoja mkubwa, na adui huyo si hewa. Ni bei yake. Sanamu ni mzinga wa vita uliolala. Marcus Aurelius alinusurika karne zote za kati kwa sababu Wakristo wa Roma walidhani ni Konstantino, kaizari wao. Aliokolewa kwa kufananishwa. Sanamu ya Charles I iliyotengenezwa na Hubert Le Sueur mwaka 1633 iliuzwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa mhunzi aitwaye John Rivet, kwa amri ya kuivunja. Aliificha, akawa anawauzia watu visu vyenye mipini aliyodai ni ya shaba ya mfalme, waliompenda wakinunua kama kumbukumbu na waliomchukia wakinunua kama nyara. Tangu 1675 sanamu iko Charing Cross, ikitazama upande wa Whitehall, ambako mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 1649. Menelik II wa Addis Ababa, mshindi wa Adwa, aliondolewa na Waitalia walipoivamia Ethiopia, wakamficha, alirudishwa walipofukuzwa.

George III hakuwa na bahati hiyo. Sanamu yake ya New York, juu ya farasi, ilikuwa ya madini ya risasi iliyopakwa dhahabu. Tarehe 9 Julai 1776, baada ya Tangazo la Uhuru kusomwa, watu waliivuta kwa kamba ikaanguka. Vipande vingi vilipelekwa Litchfield, Connecticut, vikayeyushwa na kupatikana risasi 42,088 za bunduki. Lugha nyingi zinahitaji maneno mawili kusimulia kisa hicho. Kiswahili kinahitaji moja tu: risasi ikawa risasi.

Tumrudie Felipe III, baba mtu, si yule wa ukumbini bali wa bronzi, aliyeanzwa na Giambologna na kumalizwa na Tacca mwaka 1616. Yuko Plaza Mayor, Madrid. Farasi wake anatembea, hana shida ya mizani, ila alitengenezwa akiwa amefungua kinywa, na koo likaachwa wazi hadi tumboni. Shomoro walikuwa wakiingia mdomoni kutafuta kivuli. Kuingia ni kuteremka. Kutoka ilibidi kupanda kwenye bomba jembamba lenye kuta laini, gizani, na mbawa hazina pa kufungukia. Aprili 1931, jamhuri ilipotangazwa, watu waliivamia sanamu na kuilipua tumbo. Inasimuliwa mjini humo kwamba kilichomwagika juu ya mawe ya uwanja ni mifupa midogo, mingi, ya ndege wa miaka mamia. Sanamu ilitengenezwa ikarudishwa mahali pake. Farasi akazibwa mdomo.